Mrehani wa Chupa za Achari

Tangazo lilibandikwa karibu na lifti ya jengo letu la Kingsbury. Kwa kuwa nilitumikia masjala ya ardhi Unguja mpaka siku ya kustaafu, nililisoma kama inavyopasa kusomwa hati yoyote: kwanza lote, kisha kifungu kwa kifungu. Lilisema kuwa ni marufuku kuweka vyungu vya udongo, mifuko ya udongo au mimea iliyopandwa katika udongo kwenye vibaraza na madirishani, kwa sababu maji machafu yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye kuta za wapangaji wa chini. Halikuwa na sahihi, wala cheo cha mtoaji. Katika masjala yetu karatasi ya namna hiyo isingepita mlangoni, na nilipanda ngazi nikiwa nimeghadhibika, si kwa lilichokataza, bali kwa jinsi lilivyoandikwa.

Mke wangu hakujali sahihi. Alijali mrehani wake.

Mjukuu wetu wa kike alikuwa aolewe mwishoni mwa majira ya joto, na mke wangu alikwisha kutangaza kwa ukoo mzima, huku na kule nyumbani, kwamba atamtungia bibi harusi kikuba kwa mkono wake mwenyewe, kama yeye alivyotungiwa na bibi yake. Kwa msomaji asiyekulia pwani nieleze kwamba kikuba ni kishada kidogo cha maua na majani yenye harufu, hufungwa kwa uzi na kubanwa kifuani au kuchomekwa kwenye nywele. Asumini si tatizo London; maduka ya Kihindi ya Kingsbury Road huuza mashada yaliyokuja kwa ndege. Mkadi, ua la pwani lenye harufu kali, tulikwisha kuukatia tamaa tukaridhika na marashi yake ya chupa. Uliobaki ni mrehani, na kikuba kisicho na mrehani, kwa kauli ya mke wangu, ni pilau lisilotiwa bizari.

Nilijaribu njia fupi. Nilinunua dukani mmea mmoja wa jamii hiyo, ule wanaotilia katika mapishi ya Kiitaliano. Mke wangu alifikicha jani, akalinusa, akampa mjukuu wetu aliyekuwa amekuja kutusalimu. Mjukuu huyu ni kama wenziwe waliozaliwa hapa: Kiswahili anakisikia chote, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Pizza," alisema.

"Umesikia?" mke wangu akanigeukia. "Mtoto kazaliwa huku, lakini pua kaichukua kwetu."

"Bibi, kikuba nitavaa," mjukuu akaendelea kwa lugha yake, akicheka. "Lakini kikininukia pizza mbele ya wakwe zangu, nakivua, naweka maua ya muuza maua. Nimeshayaagiza, yapo."

Alisema kwa mzaha. Mke wangu hakuupokea kama mzaha. Nilimwona akikunja lile jani mara mbili, mara nne, mpaka halikukunjika tena, na nikafahamu kwamba jambo hili si la mapambo. Alikuwa ameahidi kitu ambacho hakuna mwingine katika familia yetu hapa anayekijua, na kama kikuba kingevuliwa mbele ya watu, kingevuliwa pamoja na neno lake.

Nilirudi kulisoma tangazo mara ya tatu. Lilikataza udongo. Lilirudia neno udongo kila baada ya mistari michache, kana kwamba mwandishi wake hakuwa na adui mwingine duniani. Juu ya maji halikusema kitu.

"Nitauotesha kwenye maji," nilimwambia mke wangu.

"Mrehani? Kwenye maji?"

"Maji matupu. Sheria imekataza udongo, na imekataza udongo tu."

"Khaa! Umri wako wote umeandikisha ardhi za watu, leo wewe mwenyewe unalima pasi na ardhi." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Haya bwana mkubwa, tuone."

Nilinunua kijitabu cha wanaoanza kilimo cha namna hiyo, ambacho wenyewe hukiita haidroponiki. Ukurasa wa kwanza uliniamrisha nifurahi. Sikupenda. Mtu anayenunua kitabu cha maelekezo anataka kujua, furaha atajitafutia. Kurasa zilizofuata zilikuwa na amri nyingi na sababu chache: fanya hivi, usifanye vile. Hata hivyo, chini ya amri zile lilijificha jambo lililonishangaza kwa usahili wake. Mmea hauhitaji udongo kwa kuwa ni udongo. Unahitaji kitu cha kuushika usianguke, maji, chumvi chache ambazo udongo huziweka kwenye maji hayo, hewa mizizini, na mwanga. Ukiuletea vyote hivyo kwa njia nyingine, wenyewe haulalamiki. Nilikaa kitini nikilitafakari hilo kwa muda mrefu. Watu niliowaona wakigombania kiunga cha minazi hata undugu ukavunjika, kumbe mimea yao yenyewe haikuwa na msimamo katika kesi ile.

Mbegu ndizo zilizonisumbua. Kila pakiti niliyoiona ilikuwa na picha ya jani la pizza. Jawabu nililipata jikoni kwetu, siku mke wangu alipokuwa akitengeneza sharubati ya maziwa, ile anayotia tukmaria: vijimbegu vyeusi vinavyovimba vikaogelea kwenye bilauri. Nina tabia ya kusoma kila kilichoandikwa juu ya pakiti, hasa maandishi madogo, kwa kuwa ndipo watu huficha wanachotakiwa kusema. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, paliandikwa kwamba tukmaria ni mbegu za mrehani. Maisha yangu yote nimeinywa mirehani, Ramadhani hata Ramadhani, bila kuuliza.

Nilikwenda dukani kulikotoka pakiti ile. Mwenye duka ni mama wa Kihindu mzaliwa wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake hakijaingia kutu hata kidogo.

"Hii ya kunywa, bhai," alinijibu, akiniita kaka kwa Kihindi. "Si ya kupanda. Imekaa kwenye gunia, imekufa zamani."

"Imeandikwa kuwa ni mbegu."

"Na juu ya mchele imeandikwa nini? Nenda basi kapande mchele." Kisha udadisi ukamshinda. "Utapanda kwenye nini?"

Nilipomwambia, aliingia nyuma akanitolea chupa tupu za achari ya embe, za kioo, zenye midomo mipana. "Ukifaulu niletee tawi. Ukishindwa nirudishie chupa zangu, na uzioshe."

Niliziosha, na hata baada ya kuoshwa zilinukia haradali. Nilinunua vikombe vidogo vya plastiki vyenye matundu, vya kukaa kwenye mdomo wa chupa, vipande vya sponji, chupa ya mbolea ya maji, na taa ya kukuzia mimea. Nilitia tukmaria kwenye sponji iliyolowa. Kabla chai yangu haijapoa, kila mbegu ilikuwa imejivika utando mweupe wenye kitone cheusi katikati, mfano wa jicho la samaki. Nilichukua miwani ya kusomea nikaongeza na lenzi juu yake. Kwa nini mbegu ijivike maji? Nadhani ni akiba: huko inakotoka mvua hupita haraka, basi mbegu hunywa mengi kwa mara moja na kuyahifadhi mwilini. Kijitabu hakikueleza. Kilisema tu nisifadhaike, jambo ambalo sikuwa na nia nalo.

Ziliota. Si zote, lakini ziliota, na mwenye duka alipopata habari alidai kwamba gunia lake siku zote lilikuwa bora.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Utaratibu ni huu: chupa hujazwa mpaka maji yaguse chini ya kikombe, kisha mmea huachwa unywe. Maji yanaposhuka, mizizi ya chini huendelea kunywa na ile ya juu, iliyobaki hewani, hupumua. Lakini mimi chombo pungufu nimezoea kukiona kama uzembe wa mtu. Kila asubuhi, baada ya sala na kabla ya chai, nilipita na birika nikijaza chupa hadi juu, na kila asubuhi miche ilizidi kulegea, mpaka mingine ikalala kabisa. Niliuvuta mmoja. Mizizi yake ilikuwa ya kahawia na yenye ute, na ilitoa harufu ya dimbwi.

"Umeizamisha," mke wangu alisema, akitazama juu ya bega langu. "Hata mgeni ukimjazia sahani kila anapoinua tonge, atakimbia."

Niliacha kujaza. Iliyosalimika ilinyanyuka, na ndani ya ile nafasi tupu iliyonikera nikaona vikiota vijizizi vyeupe vyenye manyoya, vilivyo tofauti na vile vya majini. Mmea ule ule, mizizi ya aina mbili, kila moja na wajibu wake! Nilimwita mke wangu aje aone. Nilimwita pia siku maji yalipogeuka kijani, kwa kuwa mwanga ulipenya kioo na kuotesha utelezi, nikalazimika kuzivisha chupa bahasha za kaki. Nilimwita majani yalipopauka, nikang'amua kwamba maji ya London, yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika, ni makali kwa mrehani, nikaanza kuyapoza kwa matone ya limau.

"Chupa za achari, sasa na limau," alisema. "Bado pilipili tu."

Lakini siku hiyo alifikicha jani, akafumba macho. Akaingia chumbani. Nilimsikia akimpigia simu dada yake aliyeko Unguja: "Upo! Wallahi upo, nyumbani kwangu, hapa hapa dirishani!"

Ilipokaribia harusi, mke wangu alihamia kwa binti yetu Edmonton, upande mwingine wa London, kusaidia matayarisho, akaniachia chupa na agizo moja: "Nitunzie." Nilitunza kwa uaminifu wa mtu aliyekabidhiwa muhuri. Mirehani ilistawi ikawa vichaka, na kwenye ncha za matawi vikaanza kuchomoza vishada vya maua, vidogo, vyenye rangi ya zambarau. Nilifungua kijitabu. Safari hii kilitoa amri pamoja na sababu yake, kwa hiyo nilikiamini zaidi: kata kila kishada mara kikichomoza, kwani mmea ukitoa maua majani hupungua na kuwa machungu. Ili kuwa na hakika niliuliza dukani, kwa kuwa mama yule ana mtulasi wake, ndugu wa mrehani, anaousalia kila asubuhi.

"Kata, bhai," alisema bila kusita. "Wangu mimi nakata vishada, natoa kwa Mungu. Vikibaki vinamlemea."

Mashahidi wawili, wasiofahamiana, wamekubaliana. Nilikata. Nilikata kila kilichochomoza, kwa mkasi niliousafisha kwa maji ya moto, na mirehani ikazidi kunenepa hata nikaona fahari.

Mke wangu alirejea wiki ya kabla ya ile ya harusi kuja kukagua. Alisimama mbele ya dirisha bado na koti lake mwilini.

"Vishada viko wapi?"

"Nimevikata."

"Vyote?"

"Vyote. Kwa maelekezo. Tazama majani yalivyo—"

"Wewe bwana." Aliketi juu ya mkono wa kochi. "Kikuba chatungwa kwa vishada. Harufu imo kwenye vishada, na uzi hushika kwenye vishada. Majani peke yake yananyauka kabla bibi harusi hajafika ukumbini. Umemnyoa mtoto wa watu kabla ya harusi yake."

Nilifungua kijitabu na kumwonyesha ukurasa, jambo ambalo ningemshauri mume yeyote asilifanye. Aliusoma, maana Kiingereza anakijua, kisha akanirudishia kwa utulivu uliokuwa mbaya kuliko ukelele.

"Hawa wanapanda ili wale," alisema. "Sisi tunapanda ili tunuse."

Hapo ghadhabu yangu ilipata makao halali. Kitabu cha wanaoanza kilipaswa kumuuliza anayeanza, ukurasa ule ule wa kwanza ulioniamrisha nifurahi, anautaka mmea wa nini. Wa kula hukatwa maua. Wa kuvaa huachiwa. Sheria isiyotaja inamhusu nani haina tofauti na tangazo lisilo na sahihi. Nilimweleza mke wangu hayo yote. Alikuwa ameshaingia jikoni. Nilisikia maji ya bomba yakifunguliwa, lakini sikusikia chombo kikioshwa.

Nilirudi dukani kudai maelezo.

"Hukuniambia ni ya kuvaa!" mwenye duka alinishambulia kabla sijamaliza. "Ungesema harusi, ningekuambia acha. Mimi nijue mambo ya moyoni mwako?"

"Sasa kitafanyika nini?"

Alifikiri, akipanga bamia kwenye sanduku. "Mtulasi wangu nikienda safari, mwanangu anasahau maji. Nikirudi, umekonda, lakini maua tele. Mti ukiona kifo unakumbuka kuzaa, bhai. Si sisi vile vile?"

Nilirudi nyumbani na swali moja kichwani: hivi mmea unajuaje wakati? Hauna kalenda, na hata hapo dirishani taa yangu ndiyo jua lake kubwa. Kama unahesabu mwanga na shibe yake, basi hesabu hiyo naweza kuibadili. Nilisimamisha mbolea. Nilirefusha saa za taa. Maji niliyaacha yashuke, yashuke, mpaka mizizi ya chini tu ndiyo iliyoyagusa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, maana ilikuwa kazi ya kutofanya. Mtu ambaye hakuacha jalada moja bila kulishughulikia alipita kila asubuhi mbele ya chupa zenye kiu, birika mkononi, akaenda kulirudisha jikoni.

Mara mbili nilimkuta mke wangu amesimama pale, akigeuza ncha za matawi kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayetafuta chawa kwenye kichwa cha mtoto aliyelala. Mjukuu alipopiga simu kuuliza kama amwambie muuza maua alete au asilete, mke wangu alimjibu: "Mwambie asubiri." Sauti yake ilikuwa na uchovu ambao sikuwa nimeusikia tangu tuhamie nchi hii.

Vishada vilitoka. Majani ya chini yalikuwa yamegeuka njano na matawi yamekakamaa, lakini juu, zambarau ilichomoza. Vilikuwa vichache. Mke wangu alikuwa amekusudia vikuba vya shangazi wote, mama mkwe na marafiki wa bibi harusi. Alivitazama vyote akiwa amekunja mikono, akasema, "Kimoja. Cha mtoto tu." Akampigia mjukuu simu. "Mwambie muuza maua asije."

Asubuhi ya harusi alikaa mezani na bakuli la asumini, uzi mweupe, marashi ya mkadi na vile vishada, akaanza kutunga. Nilikatazwa kusogea. Vidole vyake vilizunguka bila yeye kuvitazama. Macho yalikuwa ukutani, na midomo ilikuwa ikitamka kitu ambacho sikukisikia.

Ukumbini Edmonton, mlango wa chumba cha wanawake ulikuwa nusu wazi nami nikasimama nje yake, kwa heshima, lakini mahali ninapoona. Mke wangu alimbana mjukuu wetu kile kikuba kifuani, akarudi hatua moja nyuma, akasubiri. Mikono yake aliificha ndani ya buibui. Mjukuu aliinamisha kichwa. Akanusa. Akanusa tena, kwa muda mrefu zaidi, kisha akakifunika kwa kiganja kana kwamba kuna mtu aliyetaka kukichukua.

"Bibi," alisema, "hii si pizza."

Mama mkwe alisogea naye anuse, mjukuu akamzuia kwa mkono, chumba kizima kikaangua kicheko. Mke wangu hakucheka. Alinyoosha ushungi wa mtoto mahali ambapo haukuwa umekunjamana.

Wakati wa kurudi tuliketi viti vya nyuma vya gari la jirani yetu. Tulipokuwa njiani nilisikia harufu ile, nzito, iliyochanganyika na asumini, nikageuka, maana kikuba tulikwisha kukiacha Edmonton. Mke wangu aliinua ncha ya ushungi wake. Kifuani alikuwa amejibana kifungu kikubwa cha majani matupu ya mrehani, yamelegea kidogo, yamefungwa na asumini mbili tatu kwa uzi ule ule.

"Nao shangazi je?" nikamuuliza.

"Kila mmoja alipata kama hiki. Majani yalikuwa mengi mno, kwa ulivyoinyoa mirehani." Akaushusha tena ushungi. "Wakaniuliza ni vikuba vya mtindo gani visivyo na vishada. Nikawaambia, hivi ni vya mume anayefuata maelekezo."

Kwenye dirisha letu zimebaki chupa mbili. Ya kwanza naikata vishada, kwa ajili ya mchuzi. Ya pili imebandikwa karatasi ndogo yenye maandishi ya mke wangu: usiguse. Ina sahihi yake.